Anayelala barazani ana alama kubwa kuliko mwenye chumba, dodoso ndo bovu au?

BonaWaZiwani (Mwanza)

Habarini wadau. Wenye uzoefu wa tafiti za jamii naomba mnisaidie maana nimekwama na bosi anataka ripoti. Niko Mwanza, nafanya na shirika dogo la hapa hapa mjini (jina tuliache), tumepata hela ya kuwasaidia watu wasio na makazi pamoja na wale wa makazi ya kubahatisha, yaani leo yuko chumbani kesho hajui. Sasa mfadhili hataki kusikia tumegawa blanketi ngapi, anataka aone ustawi wa watu umepanda, kwa namba, kabla na baada. Sawa, hilo sina ugomvi nalo.

Tukachagua ile WHO-5, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima mtu anajisikiaje, kwa sababu ni fupi, maswali matano tu, Kiswahili chake kipo na kilishajaribiwa na watafiti huko pwani ya Kenya, mtu anajibu kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali sifuri mpaka tano, unajumlisha alafu unazidisha mara 4 unapata alama juu ya 100. Kundi la kwanza ni wanaolala nje, wengi ni katikati ya mji na sokoni. Kundi la pili ni wa huko milimani, Mabatini, Igogo, Bugarika, wale nyumba zao ziko juu ya mawe, choo kimoja kaya nne, maji mpaka ushuke chini.

Haya matokeo sasa. Wanaolala nje wametoka na wastani mzuri kuliko wenye vyumba. Sio kwa mbali sana ila upo, na dada yetu wa takwimu karudia hesabu. Bosi kaangalia kasema hapa kuna mtu hajahoji vizuri, rudieni. Mimi nilikuwepo na vijana walihoji vizuri tu. Kuna mzee mmoja anabebaga mizigo, analala baraza la duka la vipuri, tulivyofika kwenye swali la kuamka ukiwa na nguvu na umepumzika akacheka mpaka wenzake wakageuka, akasema mimi siamkagi bwana, mimi naamshwaga, mlinzi ananigusa na mguu saa kumi na moja tajiri asije akanikuta. Nikamwambia haya sasa hapo tuweke ngapi? Akasema weka nne. Nikauliza tena kwa upole, mzee una uhakika? Akasema nne, mgongo unauma ila nalala, mimi sidaiwi na mtu.

Siku hiyo hiyo mchana tuko Igogo kwa mama mmoja, ana chumba, kitanda kipo, neti ipo, watoto watatu na wote wako shule. Swali hilo hilo katoa sifuri. La utulivu sifuri. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na yeye hela yake ni ya dagaa, inaingia leo buku tatu kesho hamna, yaani wakati tunaongea kila mtu akipita nje anakata maneno anasikiliza kwanza ni miguu ya nani.

Sasa nikipeleka hizi namba zilivyo si mfadhili atasema basi kulala nje ni bora kuliko kupanga? Tatizo ni dodoso, ni watu wanatudanganya, au kuna kitu sikioni? Na kama kuna kipimo kingine cha watu wa aina hii nipeni. Karibuni.

---

Takwimu_Kavu (Dar)

Mkuu kwanza kabisa usirudie kuhoji ili namba zifanane na anachotaka bosi, hapo ndo watu wanaanzaga kupika data bila kujijua.

Pili, hicho mlichokutana nacho wenzenu walishakutana nacho. Kuna Robert Biswas-Diener na baba yake Ed Diener, 2001 walitoa utafiti wa watu 83 wa Calcutta kule India, wakazi wa mabanda, wanaolala kwenye lami na wanawake wanaouza miili, na kuridhika kwao na maisha kukatoka chini ya watu wa kawaida lakini juu kuliko mtu yeyote angetegemea ukiangalia hali yenyewe. 2006 wakarudi wakalinganisha wasio na makazi wa Calcutta na wa Marekani, Fresno kule California na kambi ya mahema ya Portland. Wa Calcutta ndo walioridhika zaidi! Na Marekani pale mtu anapata chakula cha bure, nguo, pa kuoga. Wao wenyewe maelezo yao yakaangukia sana kwenye mahusiano, kwamba maskini wa Calcutta ana watu wake hata kama hana ukuta na wa Fresno mara nyingi amebaki peke yake.

Lakini usikimbilie kufurahi, maana kuna onyo la Amartya Sen la siku nyingi tu kwamba mtu aliyenyimwa muda mrefu anajifunza kutamani kidogo, kwa hiyo akikwambia ameridhika hujapata ushahidi kwamba mambo yake ni mazuri, umepata ushahidi kwamba amepunguza matarajio. Mzee wako wa barazani ile nne ni ya kweli kwake, mimi simbishii, ila nne yake haikwambii kitu kuhusu mgongo wala kuhusu nini kitampata akishikwa na malaria. Na WHO-5 kazi yake ni kupima mtu anajisikiaje, kwenye zahanati wanaitumia kama chujio, ukiwa chini ya 50 ndo wanakuangalia zaidi kama una sonona. Haijawahi kudai inapima makazi. Nyie mmeipa mzigo ambao sio wake.

Kwa hiyo ripoti iwe na vitu viwili pembeni kwa pembeni na msivichanganye kuwa alama moja: anavyojisikia (WHO-5 iacheni hapo ilipo) na hali yenyewe, amekula mara ngapi jana, amelala masaa mangapi, amepigwa au kuibiwa mwezi huu, akiumwa anaenda wapi.

Maswali mawili. Mmehoji msimu gani, kiangazi au mvua? Mtu wa barazani wa mwezi wa saba na wa mwezi wa nne ni watu wawili tofauti. Na hao "wenzake wakageuka", kwani mlikuwa mnamhoji mbele za watu?

---

WanguiEastlando (Nairobi)

Hapo kwa "wenzake wakageuka" ndio hata mimi nilisimama. Mimi najitolea na familia za mtaani hapa Nairobi karibu na Ngara, sio mtafiti lakini watafiti nimeona wakija na wakienda. Mtu wa mtaani akiona mtu na karatasi na peni anafikiria vitu viwili tu, ama kuna msaada ama kuna lori ya kanjo, wale askari wa jiji, inakuja kubeba watu. Akidhani ni msaada anakuambia maisha imemkalia vibaya hajakula tangu juzi. Akidhani ni lori anakuambia niko poa, niko poa kabisa, niko na nyumba mahali nilikuja tu kutembea. Sasa wewe umeandika tatu ama nne na hujui ni mlango gani alikuwa anachungulia. Na mbele ya maboyz wa besi yake, wale hulala na yeye hapo, hakuna mwanaume atasema hana raha, si ataitwa majina mwaka mzima.

Pia angalia nani hukupata. Hapa Kenya ile Street Families Rehabilitation Trust Fund ilihesabu watu wa mitaani 2018, nchi nzima wakapata 46,639, Nairobi peke yake 15,337, na karibu robo tatu walikuwa wanaume. Wanawake wako lakini hawalali mahali unawaona, mama na mtoto mdogo hawezi lala kwa baraza ya barabara kubwa, anaenda mahali imejificha ama analipia kitu kidogo alale kwa sakafu ya mtu. Ukitembea soko saa nne usiku na tochi unapata wanaume wanaongea vizuri, unarudi ofisini unasema wanaolala nje wako sawa. Umehoji wanawake wangapi Bona?

Na huyo mama wa dagaa mimi simshangai hata kidogo. Yule mzee hana kitu utamnyang'anya. Mama ako na mlango, na hapa kwetu ukichelewesha rent mwenye ploti anaweka kufuli juu ya kufuli yako na uniform ya mtoto iko ndani, sufuria iko ndani, biashara iko ndani. Mukuru kwa Njenga 2021 watu walibomolewa wakaweka mahema juu ya kifusi hapo hapo kwa sababu wakiondoka ploti imeenda. Mathare 2024 baada ya mafuriko serikali ikasema kila nyumba ipewe elfu kumi itafute pa kuhamia, na bomoabomoa ya kando ya mto ikaendelea. Sasa enda uulize huyo mtu kama wiki mbili zilizopita amekuwa mtulivu.

---

Kijiwe_Halisi

Mnasoma sana nyie. Mtu hajala unamuuliza amejisikia mchangamfu, hata mimi ningekucheka. Hela ya dodoso si ingenunua magodoro tu? Mnapima njaa na rula

---

Takwimu_Kavu

@Kijiwe_Halisi godoro utaliweka wapi sasa, barazani kwa tajiri wa vipuri? Mlinzi atalichoma asubuhi. Ndo maana watu wanauliza kwanza.

---

Kijiwe_Halisi

Haya umeshinda hilo. Lakini waulizeni wenyewe wanataka nini sio kuwapa sifuri mpaka tano

---

ZamuYaUsiku (Toronto, mtu wa Tanga)

Salaam wote, nimeona mada nikasema leo silali. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye makazi ya muda ya watu wasio na nyumba hapa Toronto mwaka wa ngapi sijui, na swali la Bona huku lilishafanyiwa kazi kubwa kwa hiyo ngoja nimwage nilichonacho, samahani kitakuwa kirefu.

Kuanzia 2009 kulikuwa na utafiti unaitwa Health and Housing in Transition, Toronto, Ottawa na Vancouver, watu kama 1,200, karibu nusu hawana nyumba kabisa na nusu wana nyumba za mashaka, vyumba vya kulipia kwa wiki, nyumba bovu, watu wanaohamahama. Walichotegemea wengi ni kwamba wenye vyumba watakuwa na afya nzuri kidogo. Wapi! Magonjwa ya muda mrefu, afya ya akili, kupigwa, kukosa huduma, makundi yote mawili yalikuwa pabaya karibu sawasawa. Na watu walikuwa wanavuka mpaka, mwaka huu yuko kwenye chumba mwaka ujao yuko kwetu hapa ananiuliza blanketi. Kwa hiyo Bona namba zako hazisemi kulala nje ni kuzuri. Zinasema chumba cha mashaka hakijamtoa mtu shimoni, na hiyo ni habari kubwa, mimi ningeiweka ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Kipimo ulichoomba kipo, kinaitwa QoLHHI, kilitengenezwa huku Canada kwa ajili ya watu wasio na makazi na wale wagumu kupangishwa, Anita Hubley na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia. Nilichokipendea, na hapa Kijiwe_Halisi atafurahi, ni kwamba walianza kwa kukaa na wenyewe kuwauliza ni vitu gani vinafanya maisha yawe mazuri au mabaya, ndo wakaandika maswali. Hakiulizi kwa jumla. Kinachukua chakula peke yake, afya peke yake, hela, pale unapoishi, watu wako, na kinauliza hicho kitu kinaharibu maisha yako au kinayajenga, na kwa kiasi gani. Sehemu ya pili imetoka kwenye nadharia ya Alex Michalos ya 1985, kwamba mtu akijibu ameridhika kichwani anapima pengo: ukilinganisha na unachotaka, na wenzako, na ulivyokuwa zamani enzi zako nzuri, na ulivyotegemea ungekuwa sasa hivi, na unachostahili, na unachohitaji.

Sasa chukua hiyo umwekee yule mzee na yule mama. Mzee anajilinganisha na nani? Na wabeba mizigo wenzake wa pale barazani, na yeye ana mlinzi anayemwamsha kwa heshima kabla ya tajiri, wengine wanamwagiwa maji. Mama anajilinganisha na dada yake aliyeolewa Nyegezi, na mwenyewe wa miaka mitano iliyopita mume akiwepo, na pale alipotegemea watoto watakuwa. Sifuri yake na nne ya mzee hazijatoka kwenye mizani moja. Ukiuliza moja kwa moja "unajilinganisha na nani" ndo unaanza kuelewa.

Kingine, kuna jaribio kubwa At Home/Chez Soi, 2009 mpaka 2013, miji mitano ya Canada, watu zaidi ya 2,000 wenye ugonjwa wa akili na wasio na nyumba. Nusu na zaidi wakapewa nyumba moja kwa moja bila masharti ya kuacha pombe kwanza, wengine wakabaki na huduma za kawaida. Miezi sita ya mwisho, waliopewa nyumba asilimia 62 walikuwa ndani muda wote, wale wengine 31. Hapo tofauti kama mbingu na ardhi. Ila ukija kwenye ubora wa maisha, wote walipanda, waliopewa nyumba wakapanda zaidi kiasi, na dalili za ugonjwa wa akili zikapungua karibu sawa pande zote. Nakwambia hivi mapema ili mfadhili wako asije akategemea mmemlipia mtu kodi miezi mitatu alafu alama ziruke kutoka 40 hadi 80. Mtu akipata chumba wiki za kwanza wengine wanalia, wapweke, hawalali, wamezoea kelele. Nimewaona wengine wanarudi kukaa nje ya makazi yetu jioni kupiga stori tu na funguo wanazo mfukoni.

---

BonaWaZiwani

Aisee nashukuruni sana, hii ZamuYaUsiku imenifungua.

@Takwimu_Kavu tumehoji mwezi wa nane, kavu kabisa, hilo nimeliandika kwenye mapungufu. Kuhoji mbele za watu lilikuwa la makusudi jamani, ukimvuta mtu pembeni saa tatu usiku wenzake wanajua moja kwa moja kuna mtu anachomwa, na kesho yake huyo uliyemvuta ana kesi ya kujibu. Bora kila mtu asikie tunauliza nini. Najua inapandisha alama, ila kumuacha salama naona ni muhimu zaidi. @WanguiEastlando wanawake kwa wanaolala nje ni wachache mno, unaweza kuwahesabu kwa vidole, na wote tuliwapata kupitia mama mmoja anayeuza uji alfajiri.

---

Takwimu_Kavu

Sawa, hilo la usalama nakubaliana nalo, basi liandike hivyo hivyo kwenye ripoti kama uamuzi na sababu yake. Ila sasa rudi kwenye kundi la pili maana mimi naona ndo kuna kitu. Wazungu wa FEANTSA, muungano wa mashirika ya wasio na makazi Ulaya, wana mgawanyo wao unaitwa ETHOS: asiye na paa, asiye na nyumba (yuko kwenye kambi au makazi ya muda), mwenye nyumba isiyo na uhakika, na mwenye nyumba isiyofaa kuishi binadamu. Hizi mbili za mwisho wewe umezitia gunia moja. Mlimani Igogo kuna mtu kajenga kibanda chake mwenyewe juu ya jiwe, hana hati, kinavuja, lakini hakuna wa kumgongea tarehe moja. Nyumba haifai ila ni yake. Alafu kuna mpangaji chumba kizuri tu cha tofali na dari na madeni. Watenganishe hao uone.

---

BonaWaZiwani

Nimerudi. Tumekaa na dada wa takwimu leo asubuhi, bahati nzuri swali la "nyumba ni ya nani" lilikuwepo. Wenye vibanda vyao, hata vya matope, hata vya mabati chakavu, wamekaa juu ya wote, juu hata ya wanaolala nje. Walioshusha kundi zima ni wapangaji, na ndani ya wapangaji ni wale wenye deni la kodi. Ni watu wachache ukishagawa hivyo kwa hiyo siwezi kuapa, lakini dada mwenyewe kanyamaza kidogo alafu akasema mbona hii ndo ripoti yenyewe.

Sasa nataka awamu ya pili niongeze maswali ya hiyo hofu. Nisiulize "una hofu ya kufukuzwa" maana kila mtu atasema ndiyo. Mnaulizaje?

---

WanguiEastlando

Uliza kitu imefanyika, usiulize hofu. "Ukikosa rent tarehe tano, kitu gani hufanyika?" na unyamaze aongee. Mwingine atasema mwenye ploti ni mtu poa ananingoja mpaka mwisho wa mwezi, mwingine atasema tarehe sita nakuja kupata mlango umeng'olewa. Hao wawili wote ni wapangaji na wote wako na deni. Halafu uliza mwaka huu umehama mara ngapi na nani aliamua uhame, kwa sababu kuna mtu amehama mara tatu akitafuta karibu na kazi na kuna mwingine mara moja tu lakini usiku.

Ya wale wa nje mimi hupenda kuuliza "vitu zako ziko wapi saa hii?" Unajua mtu wa mtaani kazi yake kubwa ni kuficha vitu. Blanketi iko juu ya mti, kitambulisho iko kwa mama wa chapati, dawa za TB ziko kwa mfuko ya mwenzake na mwenzake hajaonekana tangu jana. Akikujibu hiyo swali unajua kama analala vizuri kuliko hiyo sifuri mpaka tano.

---

ZamuYaUsiku

Hilo la vitu naliiba. Huku pia mtu akipoteza begi lake amepoteza vitambulisho, na bila vitambulisho hapati chumba, anaanza upya.

Nyongeza mbili. Fikirieni sasa hivi mtawapataje tena. Kwenye kabla na baada wanaopotea sio wa kawaida, aliyepata kazi kaondoka, aliyekamatwa kaondoka, aliyefariki kaondoka, unabaki na wa katikati alafu unasema mradi haukubadilisha kitu. Muulize mwenyewe, nikikukosa hapa nimuulize nani, na akubali mwenyewe umuulize huyo mtu, na ukienda kwa mama uji usimwambie ni mambo ya nini. Simu usizitegemee, laini zinauzwa. Na muda wao mlipe. Huku mhojiwa analipwa kidogo, kwenu mtajua kiasi.

---

WanguiEastlando

Na mpeeni mwanzo kabla hajajibu swali hata moja, mwambie hata ukisema uko vizuri hii ni yako hatuirudishi. Inapunguza ile hadithi ya msaada na lori. Haimalizi lakini inapunguza.

---

Kijiwe_Halisi

Sifuri mpaka tano nayo wazee wengine haiwaingii kichwani. Waweke maharage matano mezani wasukume wenyewe. Bure kabisa hiyo sidai hela ya ushauri

---

BonaWaZiwani

Hahaha Kijiwe umekuja kwa hasira umeishia kuwa mtafiti. Maharage tumepitisha.

La mwisho jamani. Kuna watoto pale sokoni, wengine miaka kumi na mbili, kumi na tatu, hatukuwahoji kabisa kwa sababu ya ruhusa, mzazi hayupo utamwomba nani. Ila bosi anasema awamu ya pili tuwaingize na dodoso hili hili.

---

Takwimu_Kavu

Hapana. Bila kupitia afisa ustawi wa jamii usiguse mtoto hata mmoja, na hata ukiruhusiwa usimpe dodoso la mtu mzima. Nenda na swali la nini kifanyike mtoto akikwambia anaumizwa, maana atakwambia, na kama huna pa kumpeleka siku hiyo hiyo basi usiulize.

---

WanguiEastlando

Hiyo. Tena Eldoret kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa nje walianza mradi wa OSCAR 2010, wakafuata watoto wa aina tatu Uasin Gishu, wanaoishi na jamaa zao, walio kwa makao ya watoto na wa mtaani. Waandikieni kabla hamjaanza. Waulize vile walipanga mambo ya ruhusa, na vile walikuwa wanapata mtoto yule yule mwaka unaofuata, hiyo ndiyo itawasumbua zaidi.

---

BonaWaZiwani

Naandika barua pepe leo. Bosi nimemwambia watoto mpaka mwakani, kanuna ila kakubali.